Kitufe cha Mheshimiwa

Huko, katika nchi ambayo ramani yake huchorwa na serikali yenyewe na kila mwaka huongezeka kidogo, kuna Wizara ya Majibu. Usiulize kwa nini hakuna Wizara ya Maswali. Iliwahi kupendekezwa, na aliyeipendekeza hajaonekana tena kazini.

Ukifungua kompyuta yoyote nchini humo utakuta kivinjari kimoja tu, Dirisha la Taifa, na ndani ya Dirisha mna injini ya kutafutia iitwayo Jibu Rasmi. Hiyo ndiyo ya wananchi. Ukiandika "umeme utarudi lini," Jibu Rasmi linakujibu kwamba umeme haukukatika. Ukiandika "njaa," linakuletea picha ya Rais akila. Maofisa wao wana injini ya pili, Kabati, ambayo haipambi kitu. Kabati hutafuta ndani ya mafaili ya serikali, barua kwa barua, kama yalivyoandikwa na wenyewe. Maana serikali yaweza kuwadanganya watu wote, lakini ikijidanganya na yenyewe itashindwa hata kujua chakula cha mchana kinapikwa wapi.

Sheria ni fupi, mtoto wa shule anaijua kwa moyo: lililosemwa na Jibu Rasmi lipo hata kama halipo, na ambalo halikusemwa halipo hata likikukanyaga mguu. Hospitali, shule, mahakama na ofisi ya kuandikisha ndoa zote huuliza Jibu Rasmi kwanza, ndipo zikutazame usoni.

Katika wizara hiyo alikuwapo mwanamke mmoja, Siwatu Machano, mbunifu wa vitufe. Kazi yake ilikuwa kupanga kitufe gani cha kibodi kifanye nini, na aliifanya vizuri na kimyakimya, kwa sababu huko anayefanya kazi vizuri kwa kelele hupewa onyo la kujionyesha. Ungemwona koridoni ungesema huyu mpole, hana neno na mtu. Ungekosea. Siwatu alikuwa na neno na mtu mmoja, na neno hilo lilikuwa limemkaa kooni mwezi wa pili sasa, halishuki wala halitoki.

Mtu mwenyewe alikuwa bosi wake, Waziri wa Majibu, Mheshimiwa Ngwali Kitogo.

Mambo yalianzia kwenye bomba. Waziri alikwenda mtaani kwa kina Siwatu kuzindua bomba la maji, na kwa kuwa alikuwa Waziri wa Majibu na siyo wa Maji, watu walishangaa kidogo kisha wakapiga makofi. Alikata utepe, akahutubia saa moja na nusu juu ya historia ya kiu, akafungua koki. Halikutoka tone. Baba yake Siwatu, Mzee Machano, fundi bomba mstaafu, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akasimama, akainama, akaweka sikio kwenye bomba kama alivyofanya miaka arobaini ya kazi yake, kisha akauliza kwa adabu zote:

"Mheshimiwa, upande wa pili wa bomba hili uko wapi?"

Ni hilo tu. Hakutukana, hakucheka. Siku ya tatu yake Jibu Rasmi likaandika: Machano Haji, fundi bomba, amefariki dunia kwa amani. Taifa linamshukuru kwa ukimya wake.

Mzee mwenyewe alikuwa uani anakula muhogo. Mwanzoni walicheka, walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Lakini mzee alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na tarehe ya kupasuliwa ilikuwa imepangwa. Walipofika hospitali, daktari wa macho aliandika jina kwenye Dirisha la Taifa, akasoma, akavua miwani yake, akampa Siwatu pole kwa msiba. Siwatu akamwonyesha baba yake, huyu hapa, mshike mkono. Daktari akamshika mkono kabisa, akakiri una joto, akasema hata hivyo hana idhini ya kumpasua maiti. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba macho hayo yana miezi mitatu, baada ya hapo hata akifufuka hayatamfaa kitu.

Kanuni za wizara zilisema aliyetia saini kifo ndiye pekee awezaye kutia saini uhai. Kwa hiyo Siwatu akapanda ghorofa ya tisa kumwona Waziri. Alisubiri mlangoni siku nne. Siku ya tano akaingia, akaeleza, na kwa aibu yake mwenyewe akalia. Mheshimiwa Ngwali alimsikiliza huku akichagua biskuti kwenye sahani.

"Binti, sasa unalia nini?" akasema. "Baba yako tumemwandika vizuri sana. Kuna watu wamekufa hapa na hawakupata hata mstari mmoja."

Siwatu akafuta machozi, akashukuru, akatoka. Alishuka ngazi ghorofa zote tisa kwa miguu, na kila ghorofa hasira ilikuwa inazidi, mpaka alipofika chini alikuwa ameshaamua. Hakujua afanye nini wala kwa njia gani. Alichojua ni kwamba mtu yule atalipa, tena atalipa mbele za watu, na yeye atakuwapo kutazama.

Mwezi ukapita. Kisha siku moja, kama aliyejibiwa dua, Siwatu akapewa kazi mpya. Waziri alikuwa amechoka. Kila alipotaka kutoka Jibu Rasmi aingie Kabati, ilimbidi asogeze kipanya hadi kona ya kioo, afungue orodha, achague injini, athibitishe. Mkono wa Mheshimiwa, ilisema barua ya wizara, unaumia kwa ajili ya Taifa. Mbunifu atengeneze njia ya mkato ya kibodi ya kuhama injini moja kwenda nyingine, nayo itazinduliwa kitaifa.

Siwatu aliimaliza kabla ya chai ya saa nne. Bonyeza kitufe cha Kontroli pamoja na J, uko Jibu Rasmi. Kontroli pamoja na K, uko Kabati. Dunia nzima wanafanya hivyo na hakuna aliyeumia. Akaipeleka kwenye kikao.

Kikao kilidumu siku tatu, na hapa lazima nieleze desturi ya wale watu, vinginevyo utadhani nawasingizia. Kule cheo cha mtu hupimwa kwa uchache wa mambo anayoyafanya kwa mkono wake. Karani hufungua mlango mwenyewe. Mkurugenzi hufunguliwa mlango. Waziri hufunguliwa mlango, huvutiwa kiti, na huondolewa ganda la ndizi mpaka katikati. Sasa mtu anakuja na kumwambia Waziri abonyeze vitufe viwili, tena kwa mpigo!

Bwana Mzale, Afisa Itifaki wa wizara, mtu mwembamba aliyekuwa akiinama hata anapoongea na simu, alisimama kupinga. Alisema vitufe viwili ni kazi ya makarani. Alisema katika maisha yake yote ya utumishi hajapata kumwona mkubwa akitumia vidole viwili isipokuwa kuchukua tumbaku ya kunusa. Kikao kikaafiki: kitufe cha Mheshimiwa kiwe kimoja. Siku ya pili wakajadili kiwe kipi. Mmoja akataja herufi ya kwanza ya jina la Mheshimiwa, ikakataliwa kwa kuwa hata wapinzani huitumia. Siku ya tatu Mheshimiwa mwenyewe aliingia, akainama juu ya kibodi, akaitazama kwa muda mrefu kama mtu anayechagua kiwanja. Kisha akaweka kidole juu ya kile kirefu cha chini, kitufe cha nafasi.

"Hiki," akasema. "Ndicho kikubwa kuliko vyote, na kimekaa peke yake. Waliobaki wote wamebanana."

Makofi yakapigwa kwa kusimama.

Siwatu alikuwa bado mtumishi mwema kwa mazoea, na ulimi ukamponyoka. Akasema kwa heshima zote kwamba kitufe hicho hutumika kila baada ya neno, kutenganisha neno na neno, kwa hiyo injini itakuwa inahama kila mtu anapoanza neno jipya. Bwana Mzale akafumba macho. Waziri akamgeukia, akamwuliza kama amesomea vitufe au amesomea ukubwa. Siwatu akajibu vitufe. Basi ashughulike na vitufe, akaambiwa, ukubwa awaachie wenyewe. Ikaandikwa kwenye muhtasari kuwa mbunifu alitoa hoja ya kukatisha tamaa, akasamehewa.

Akaketi. Na pale pale kwenye kiti, huku watu wakiendelea kumpongeza Mheshimiwa kwa uchaguzi wake, Siwatu akaona. Lilimjia lote kwa mara moja, na ikambidi ainamishe kichwa ili wasimwone uso. Tangu siku ile hakupinga jambo tena. Alikuwa akisema ndiyo Mheshimiwa, sawa Mheshimiwa, hewala Mheshimiwa, mpaka Bwana Mzale akamwandikia sifa katika faili lake.

Alikitengeneza kitufe kama alivyoagizwa, bila kupunguza wala kuongeza. Kila kikibonyezwa, huandika nafasi na papo hapo huhama injini: mara moja Kabati, mara ya pili Jibu Rasmi, mara ya tatu Kabati tena. Kwenye kona ya kioo akaweka alama ndogo, kijani kwa Jibu Rasmi na nyekundu kwa Kabati. Siku ya mazoezi, Waziri aliandika jina lake, kwani kingine cha kutafuta alikuwa nacho? Mheshimiwa Ngwali Kitogo. Maneno matatu, nafasi mbili: alama ikawa nyekundu, ikarudi kijani, na Jibu Rasmi likaleta picha yake akicheka kando ya bomba, pamoja na kurasa ishirini za sifa. Wakuu wakaipenda sana ile alama. Walidhani ni pambo, kwamba inapepesa kwa kumsalimu Mheshimiwa.

Jioni ile jikoni Siwatu alikuwa anahesabu kwa vidole. Mzee Machano, ambaye siku hizi alimjua binti yake kwa sauti na kivuli tu, akamwuliza anahesabu nini.

"Nafasi, Baba."

"Ziko ngapi?"

"Mbili. Nataka tatu."

Mzee akasema Mungu atampa, akaendelea kupapasa meza kutafuta kikombe chake, akakigonga kikaanguka. Siwatu akakiokota, akakiosha, akakijaza tena, akamtia mkononi. Ilikuwa imebaki wiki tatu katika ile miezi mitatu.

Kesho yake akaenda kwa Bwana Mzale, akiwa na uso wa mtu mwenye wasiwasi. Akamwambia, samahani, mimi mtu wa vitufe tu, haya ya itifaki siyajui, lakini usiku kucha sijalala. Je, Mheshimiwa si alitunukiwa udaktari mwezi uliopita, na kile chuo kikuu alichokifungua mwenyewe, kile ambacho bado hakijaezekwa? Na siku ya uzinduzi Taifa zima litamwona akiandika jina lake bila ya udaktari. Watu hawatasema umeghushiwa?

Bwana Mzale alishika meza. Akamshika Siwatu mikono yote miwili, akamwita mwanangu, akasema amemwokoa kazi. Mchana huohuo waraka ukatoka: katika shughuli zote jina la Waziri liandikwe kwa ukamilifu wake, Mheshimiwa Daktari Ngwali Kitogo. Siwatu aliusoma waraka ule mara mbili, akaukunja, akautia mkobani. Maneno manne.

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa taifa, saa nne asubuhi, na ukaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni kwa kuwa ile televisheni haina kipindi kingine. Walijazwa humo watumishi wote wa wizara, wanafunzi wenye bendera na kwaya mbili zisizoelewana. Kioo kikubwa kama ukuta wa msikiti kilisimamishwa jukwaani. Mheshimiwa alihutubia. Alisema mataifa mengine yamefika mwezini, lakini je, yamefika huko kwa kitufe kimoja? Alisema mababu zetu walitafuta kwa miguu, baba zetu wakatafuta kwa macho, na sisi, chini ya uongozi wake, tunatafuta kwa kidole. Siwatu alikuwa amekaa safu ya wataalamu, nyuma ya jukwaa kidogo, mikono mapajani.

Waziri akaketi, akavutiwa kibodi, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Mheshimiwa. Nyekundu. Daktari. Kijani. Ngwali. Nyekundu. Kitogo. Akainua kidole juu watu wakione, akakishusha kwenye kitufe cha kutafuta.

Kabati likafunguka mbele ya nchi nzima.

Faili la kwanza lilikuwa na barua ya wizara, sahihi ya Waziri, muhuri, na kichwa cha habari kilichoandikwa kwa herufi kubwa kama alivyopenda: ORODHA YA WALIOFISHWA KWA AGIZO LANGU, PAMOJA NA SABABU. Majina mia nne na kumi na mawili, kila moja na sababu yake. Huyu aliuliza dawa ziko wapi. Huyu alicheka katikati ya hotuba. Huyu alipiga makofi kwa uvivu. Machano Haji, fundi bomba: aliweka sikio.

Uwanja mzima ulikuwa unasoma. Midomo ilikuwa ikitembea. Mwanamke mmoja wa kwaya akamwambia mwenzake kwa sauti iliyosikika mpaka jukwaani, "Mbona mimi nimo?"

Waziri akageuka, akaona. Akakumbuka kwamba anacho kitufe, akakibonyeza, na mara likaja Jibu Rasmi, yeye akicheka kando ya bomba. Akapumua. Lakini vidole vilikuwa vingali juu ya kitufe, vikagusa tena, orodha ikarudi. Akabonyeza, bomba. Kikaguswa, orodha. Kwa hofu akakiegemea kwa kiganja kizima, na mambo yakawa bomba, orodha, bomba, orodha, kiasi kwamba waliokuwa hawajamaliza kusoma walipata nafasi ya kumalizia. Alikuwa na uwezo wa kuizima mashine, lakini swichi ilikuwa ukutani, na waziri hafanyi kazi ya swichi. Aliyepaswa kuizima, Bwana Mzale, alikuwa amezimia. Siwatu alitazama yote, hakupepesa hata jicho.

Asubuhi yake akaitwa ghorofa ya tisa. Safari hii hakusubirishwa. Mheshimiwa hakuwa amelala, na mlango alimfungulia mwenyewe.

Ikulu ilikuwa imempa mpaka adhuhuri. Haikukasirishwa na vifo, alieleza, imekasirishwa na kuonekana. Kulikuwa na njia moja tu ya kupona: mbunifu wa kitufe athibitishe kwa maandishi kwamba mashine ilikosea, kwamba ile orodha imejitunga yenyewe kwa hitilafu, na kwamba katika nchi hii hakuna mtu hata mmoja aliyepata kuandikwa marehemu akiwa hai. Barua ilikuwa tayari mezani, imeshapigwa chapa, imebaki sahihi ya Siwatu Machano.

"Tia saini," akasema, "na baba yako namfufua leo hii."

Siwatu aliitazama ile barua, akaelewa maana yake. Kama mashine ilikosea, hao wengine mia nne na kumi na mmoja watabaki makaburini kwao, wakiwa majikoni na sokoni, milele. Yule mwanamke wa kwaya naye atabaki. Lakini ilikuwa imebaki wiki mbili, na aliyekuwa akipapasa meza ni baba yake.

Akamwambia Waziri amfufue baba kwanza.

Waziri alisita, akatazama saa, akakubali. Alikaa kwenye mashine yake, akaingia kwa neno lake la siri, akaandika, akathibitisha. Kwa mkono wake mwenyewe, maana hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Jibu Rasmi likatangaza papo hapo, kwenye kila kioo nchini, kwa ile lugha ambayo Waziri mwenyewe aliagiza itumike ili jina lake lisikose mahali: Machano Haji, fundi bomba, yu hai. Kifo chake kilichoagizwa na Mheshimiwa Daktari Ngwali Kitogo kimefutwa na Mheshimiwa Daktari Ngwali Kitogo.

Siwatu akalichapisha kwenye karatasi, akalisoma taratibu mpaka mwisho. Kisha akaisukuma ile barua ya hitilafu irudi upande wa Waziri, kalamu ikiwa juu yake.

"Siwezi kutia saini, Mheshimiwa. Nitakuwa nimesema uongo."

"Tumekubaliana!"

"Barua inasema hakuna mtu aliyewahi kufishwa. Na wewe sasa hivi umemfufua mmoja, saa tatu na robo, mbele ya nchi nzima, na jina lako umelitaja mara mbili."

Ngwali Kitogo akatazama kioo. Akazama kitini. Siwatu aliwahi kuambiwa kwamba mtu akiona adui yake amenywea namna ile moyo hulainika, akaungoja moyo ulainike. Haukulainika hata kidogo.

Chini mlangoni foleni ilikuwa imeshaanza. Walikuja na vitambulisho vyao, na wengine na matangazo ya misiba yao wenyewe waliyoyakata gazetini, marehemu mia nne na kumi na mmoja wakisukumana na kuulizana nani alitangulia. Kanuni haikubadilika: aliyetia saini kifo ndiye atie saini uhai. Ikulu, ilipoona watu wameshapata mfano wa kushika, ikaamuru Waziri awafufue wote, mmoja mmoja, kisha alete barua ya kujiuzulu. Akaletewa meza mbele ya wizara, juani. Akawa anaandika kwa kidole kimoja, na kila jina lilipotangazwa nchi ilisoma upya nani aliua.

Siwatu alipita hapo akiwa amemshika baba yake mkono, wanakwenda hospitali kuwahi daktari wa macho. Waziri akainua kichwa, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola.

"Umefurahi sasa, binti?"

Siwatu akasimama, akajitafutia jibu la kweli.

"Nimefurahi, Mheshimiwa," akasema. "Nimefurahi sana."

Mzee Machano akauliza ni nani huyo anayeongea. Siwatu akamwambia kesho kutwa atamwona mwenyewe, maana kwa mwendo anaokwenda nao bado atakuwa hapohapo.